Mguno wa Katibu

Lusu, Nzega
6 Novemba 2023

Mpwa wangu Advera,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi ni wazima. Mama Amon goti linamsumbua, ingawa halimzuii kwenda jumuiya wala kunisema. Amon na mkewe wamepata mtoto wa kike, wamempa jina la bibi yako Katarina, na kweli amezaliwa na paji la uso la bibi yako, lile la kukunjwa kabla hajaambiwa kitu. Mama yako alikuja kutoka Ipuli kumwona mtoto, akakaa siku tatu, akatuachia mikeka miwili na habari zako.

Najua utauliza tena kwa nini nakuandikia barua wakati siku hizi kila mtu ana simu. Simu za huku mtandao wake ni mbovu, sauti inakuja kama ya mtu aliyefunikwa debe. Karatasi haina mtandao. Halafu nimefundisha darasa la nne miaka thelathini na moja, sitaki mwandiko wangu ufe kabla yangu. Endelea kutumia sanduku la parokia, wananiletea.

Sasa niseme lililonifanya ninunue karatasi mpya. Hongera sana, mwanangu. Mama yako ametuambia kwamba ule mtihani mkubwa uliufanya mwezi wa tisa na mambo yamekwenda vizuri. Nimetangaza jumuiya kwamba ukoo wetu una daktari bingwa wa tabia za wanyama. Mzee mmoja akauliza tabia ni ugonjwa gani. Nikamwambia kama tabia ingekuwa haiumwi, yeye na jirani yake wangekuwa wanasalimiana. Tumeshaongea na Paroko: Misa ya shukrani itakuwa Julai, mavuno yakishaingia ndani, ukija likizo.

Kwa kuwa wewe sasa ni bingwa, nakuletea mgonjwa wa kwanza wa nyumbani. Ni maksai wetu Katibu. Unakumbuka likizo ile ya mwaka 2016, ulipokuwa bado unasoma Morogoro, tulipowafundisha nira yeye na mwenzake, wewe ukawapa majina. Yule aliyependa kulala ukamwita Mwenyekiti, na aliyefanya kazi yote ukamwita Katibu. Basi Katibu ameharibika. Tangu msimu uliopita analala katikati ya shamba na jembe liko ardhini. Wiki iliyopita alinirushia pembe. Na hatoi onyo lolote. Zamani alikuwa ng'ombe wa maneno, akichoka anaguna, nasimama kidogo, tunaendelea. Siku hizi yuko kimya kabisa, halafu ghafla vurugu. Mimi sijawahi kumpiga maksai, unanijua. Mwaka huu nimenunua mjeledi, na sijafurahi kuununua.

Tuandikie dawa.

Mjomba wako,
Adriano Masolwa


Marekani
2 Desemba 2023

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta theluji imefika kwenye dirisha, nikaisoma nikiwa nimevaa koti ndani ya nyumba. Nimefurahi mno kusikia habari za Katarina mdogo. Mpeni Mama Amon pole ya goti, na amwambie Amon amkande kwa maji ya moto badala ya kumtuma.

Mimi niko salama, kazi ni nyingi. Wiki hii nilikuwa na kasuku anayejing'oa manyoya tangu mmiliki wake alipostaafu, na mbwa aliyemng'ata mtoto "bila sababu", kama walivyosema wenyewe. Niliangalia picha za video za familia hiyo kwa saa nne. Mbwa yule alikuwa ameomba mara kumi na moja aachwe. Aligeuza uso, akalamba mdomo, akaondoka, akafuatwa, akanguruma kwa chini, akagombezwa kwa kunguruma. Ya kumi na mbili ndiyo akang'ata. Hiyo ndiyo kazi yetu zaidi ya yote, Mjomba. Hatuongei na wanyama kama unavyowaambia watu kwa utani. Tunatafuta zile kumi na moja.

Kuhusu Katibu, usimpige, tafadhali. Huo mjeledi mpe mtu mwingine. Kwanza tunatafuta maumivu. Mfungue nira, mpitishie kiganja taratibu kuanzia nyuma ya pembe hadi mabegani, umsikilize. Angalia kama kuna uvimbe au mahali panapotoa joto. Angalia kwato. Pili, nijibu haya: Analala mahali popote au mahali pamoja? Saa ngapi? Nira ni ileile ya zamani? Nani anaongoza na nani ameshika jembe? Na huo mguno wake ulikoma lini hasa?

Sherehe msijisumbue nayo, Mjomba. Julai ni mbali, na sijui ratiba yangu itakuwaje.

Nawabusu wote,
Advera


Lusu
14 Januari 2024

Mpwa wangu,

Asante kwa barua, ilifika baada ya Epifania. Krismasi ilipita vizuri. Mvua imekuja, majaruba ya mpunga yamejaa, lakini imekuja kimyakimya. Hata vyura mwaka huu hakuna. Kwaya nayo imepata mwalimu mpya anayewafundisha kuimba kama wanaogopa kuamsha mtoto. Na Paroko wetu mpya ni kijana mzuri ila mahubiri yake anayaongea na shati lake.

Maswali yako nimeyasoma mara mbili, ni maswali ya mwalimu. Nayajibu. Analala mahali pamoja, pale penye ile sehemu ngumu inayokatiza shamba la mahindi, ambapo wazee husema wapagazi wa misafara ya Tabora walipita wakiwa na mizigo mpaka ardhi ikagoma kuwa shamba. Jembe likifika pale linaruka. Ni asubuhi, saa tatu hivi. Nira ni mpya, ilichongwa na fundi wa Nzega mwaka juzi, ile ya zamani ililiwa na mchwa. Naongoza mimi, Amon ameshika jembe, kama siku zote. Mguno ulikoma lini, sijui. Ulikoma tu.

Kupitisha kiganja sijapitisha. Huyu sasa hashikiki. Tarehe tatu mwezi huu nilimwambia aendelee, akakaa, nikapaza sauti, akarusha teke likampata Amon kwenye paja. Mfupa haukuvunjika, Mungu ni mwema, lakini alilala ndani siku sita na kazi ikasimama wakati wa mvua, jambo ambalo halijawahi kutokea kwangu.

Kwa hiyo tumekaa tukaamua. Maksai mkorofi hauzwi kwa jirani, ni kumtwisha mwenzako balaa. Katibu atachinjwa Julai siku ya sherehe yako. Ulimpa jina wewe, na sherehe ni yako, nadhani ni heshima kwa pande zote. Nilifikiri jambo hili litaniuma kidogo tu.

Mjomba wako,
Adriano

Advera mwanangu, ni mimi Mama Amon. Mjomba wako ameniachia barua niifunge kwenye bahasha. Usimwambie kwamba nimeandika hapa. Sisi tuko vizuri isipokuwa usingizi hatuna, vyura wanapiga kelele usiku kucha kama wanalipwa. Huyo Katibu namwonea huruma. Analalamika, mwanangu, mpaka namsikia nikiwa kisimani. Amon naye anamsikia, lakini baba yake anaongoza, atamwambia nini?


Marekani
20 Februari 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimepokea barua yako na nimesikitika sana kwa ajili ya Amon. Mwambieni asikimbilie kuinua vitu vizito. Huku baridi imeanza kulegea, na yule kasuku amepata manyoya mapya kifuani, machache, ya rangi ya majivu. Mmiliki wake analia kila akija.

Umejibu vizuri kuliko wateja wangu wengi. Sehemu ileile, saa ileile, nira mpya: hayo yote yananiambia kwamba Katibu anaumia shingoni, na pale penye ardhi ngumu nira inamgonga palepale. Mwiteni afisa mifugo ampapase akiwa amefungwa vizuri. Msimfanyishe kazi mpaka muone.

Sasa nina swali jingine, na naomba ulipokee kama linavyotoka kwangu, kwa upendo. Mguno wa maksai haukomi wenyewe, Mjomba. Anayeumia huguna zaidi, haguni kidogo. Na kila kitu ulichoniandikia tangu Novemba kimenyamaza: mvua, vyura, kwaya, Paroko, simu. Umewahi kwenda kupimwa masikio?

Na jambo la mwisho. Usimchinje Katibu kwa ajili yangu. Nakuomba kwa magoti. Sababu ninayo, nitakueleza.

Advera


Lusu
30 Machi 2024

Advera,

Nimekuuliza habari za ng'ombe, umenijibu habari za masikio yangu.

Mimi ni msomaji wa kwanza kanisani na mjumbe wa baraza la kata. Kwenye baraza watu wanakuja kugombea mipaka, kila mmoja anasema lake, na sisi wajumbe kazi yetu ni kusikia. Unaelewa ulichoandika? Kama barua hiyo ingefunguliwa na mtu mwingine pale parokia, ningekuwa mzee wa kukaa kivulini nikiletewa uji.

Sikiliza na wewe. Nimezitoa barua zako zote tangu Desemba, nimezipanga mezani, nimezisoma na kalamu nyekundu mkononi, kwa mazoea tu. Umeandika habari za kasuku, mbwa, theluji, koti. Neno "nimefaulu" sijaliona. Cheti hatujaona, hata picha yake. Nilipokupa hongera hukuipokea, uliniambia nisijisumbue na sherehe. Nimefundisha watoto elfu na zaidi, na yule anayefika nyumbani akaanza kuongea habari za mbwa wa jirani namjua.

Sherehe ni tarehe 13 Julai. Kwaya imeshaanza mazoezi. Ng'ombe ni huyohuyo. Kama una sababu, iandike.

Mjomba


Marekani
25 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku nne. Salamu nawasalimu wote, halafu naiandika sababu.

Sikufaulu.

Majibu yalitoka katikati ya Oktoba, kabla hujanipa hongera. Mama alipiga simu jioni ileile, akauliza kama mambo yamekwenda vizuri, nikasema yamekwenda. Sikupanga kudanganya. Nilisema ili simu iishe nikalie. Kisha barua yako ikaja na Misa ndani yake, na kila wiki iliyopita ilifanya neno liwe zito zaidi.

Nikueleze mtihani wenyewe, maana sijawahi kumweleza mtu wa nyumbani. Udaktari wa mifugo niliousoma Morogoro ulikuwa mlango tu. Baada yake nilifanya mwaka wa kuzunguka hospitalini, halafu miaka mitatu chini ya profesa mmoja ambaye hasemi "vizuri" mpaka Ijumaa Kuu iangukie Jumapili. Niliandika ripoti za wagonjwa, kila ripoti inarudishwa imejaa wino. Nilifanya utafiti wangu juu ya paka waliotelekezwa wanaolelewa vituoni, ukachapishwa. Hayo yote bodi iliyakubali. Mwisho kuna mtihani wa siku mbili: dawa za ubongo, namna mnyama anavyojifunza, sheria, takwimu, na wagonjwa wa kwenye karatasi ambao lazima useme wana nini na utawafanyia nini. Sehemu ya wagonjwa ndiyo iliyoniangusha. Mimi, ambaye watu wote hapa wanasema nina jicho. Nilikuwa nakimbilia dawa kabla ya kuuliza maswali. Mtu anapoogopa kuonekana hajui, ndivyo anavyofanya.

Ninaruhusiwa kurudia Septemba. Kwa hiyo Julai siji, ninasoma. Nikishindwa tena sijui.

Sasa unaelewa kwa nini nakuomba. Mnataka kumchinja Katibu kushangilia kitu ambacho hakijatokea, na kosa lake ni kwamba aliomba na hakuna aliyemsikia. Nyama ile ikiliwa kwa jina langu, Mjomba, sitaweza kufanya kazi hii. Nilipoandika kuhusu masikio sikuwa nakuvunjia heshima. Nilikuwa naona mtu anayeficha kwa namna ninayoijua, kwa sababu na mimi nilikuwa naficha.

Waambie kwaya waache mazoezi. Waambie ni mimi.

Advera wako


Lusu
9 Juni 2024

Mwanangu Advera,

Barua hii ni ndefu, kaa kitako. Wote wazima, mpunga umeingia ndani, Katarina mdogo ameota meno mawili na anang'ata kila mtu. Bila kunguruma, kabla hujauliza.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilitoka nje nikazunguka nyumba mara tatu. Halafu nikamwambia Mama Amon kwamba nina kitu cha kumwambia, akasema kwa mkono, kwa ishara, "Masikio." Kumbe wote walikuwa wanajua. Amon, mkewe, Paroko, watoto wa shule. Walikuwa wananionea aibu kuniambia, nami nilikuwa nawaonea aibu kuwaambia, nyumba nzima imekaa hivyo miaka miwili.

Nikusimulie kilichonifanya nifiche. Mwaka jana mwezi wa pili mtu mmoja wa jirani alinikuta njiani. Midomo yake ilisogea, nikadhani ananipa habari za mvua. Nikamshika mkono kwa nguvu nikasema, "Safi kabisa, Mungu ametukumbuka." Alikuwa ananiambia mama yake amefariki. Niliiona sura yake ikibadilika nikajua nimeharibu, lakini sikujua nimeharibu nini mpaka nilipoona watu wanaelekea msibani. Tangu siku hiyo nikaanza kusema mtandao mbovu, kwaya mbovu, Paroko mbovu. Na shambani, kwa kuwa sikujisikia mwenyewe, nilikuwa napiga kelele. Mimi niliyekuwa naongea na maksai kwa sauti ya chini kama ya kitubio.

Basi nilikwenda Tabora. Nilifikia kwa mama yako Ipuli, akanipeleka hospitali. Daktari wa masikio ni binti mdogo anaitwa Sheima, mtoto wa ukoo wa wenye maduka wa mjini. Akaingiza taa yake, kisha akaita wenzake wawili waje waangalie. Nikajua nakufa. Akaleta maji ya uvuguvugu na bomba la sindano. Mpwa wangu, kutoka sikio la kulia ulitoka mzigo wa nta mgumu kama jiwe la kinu, na katikati yake punje ya mpunga na ganda lake. Nadhani iliingia wakati wa kupura, msimu wa mwaka juzi. Sikio la kushoto lilikuwa na nta peke yake. Aliniambia la kushoto uzee pia umelipunguza na halitarudi lote, lakini la kulia ni zima. Akanipa punje ile kwenye kikaratasi. Ninayo.

Nilipotoka pale nilisikia kitu kinalia nyuma yangu, nikageuka, hakuna mtu. Kilikuwa kiatu changu cha kushoto. Nimevaa viatu vile miaka miwili sijui kama vinalia. Mama yako akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi, na mimi nikalia hapohapo mbele ya watu, wala sikujali.

Tukirudi kwa Katibu. Afisa mifugo alikuja, tukamfunga maksai. Kuna uvimbe wa ukubwa wa yai mbele ya nundu, upande ule ambao nira mpya imechongwa vibaya, ndani yake usaha. Umepasuliwa, umesafishwa, anapona. Amepewa likizo. Nilikwenda kumwomba msamaha, niko peke yangu, kwa Kisukuma, maana kwa Kiswahili nilimfokea vya kutosha. Mjeledi nimeukata nikafungia mlango wa kuku.

Na wewe sasa. Nilimweleza mama yako habari ya mtihani, nikitetemeka kwa niaba yako. Akasema alijua tangu Oktoba. Akasema, "Mtoto aliyefaulu hasemi yamekwenda, anapiga kelele." Alikuwa anakusubiri useme mwenyewe. Huo ndio ukoo wetu.

Kwaya niliiambia baada ya Misa. Nilisimama nikasema mpwa wangu hakufaulu, anarudia Septemba, na sherehe imesogea mbele. Hakuna aliyecheka. Mzee wa swali la tabia akauliza kama darasa lako ni gumu kuliko la saba la zamani, nikamjibu ni gumu kidogo. Akasema basi atakuombea kidogo zaidi.

Watoto wangu bora darasani, Advera, wengi wao walirudia mwaka. Nilikuwa nao muda mrefu zaidi, labda ndiyo maana nawakumbuka. Soma. Uliza maswali kwanza, dawa baadaye, kama ulivyonifanyia mimi.

Mjomba wako anayesikia,
Adriano


Marekani
28 Julai 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo, na tena shikamoo, kwa kuwa sasa utaisikia.

Nilisoma barua yako kazini nikacheka kwa sauti ile ya kiatu, na watu wakaniangalia. Kisha nikaenda chooni nikalia kwa raha, kilio kizuri, nikatoka nimepungua kilo kumi za moyoni. Nilimpigia Mama usiku uleule. Tulizungumza saa nzima na hakuna hata mmoja wetu aliyesema mambo yamekwenda.

Kuandika kirefu siwezi, nasoma kuanzia alfajiri. Ila nataka ruhusa yako, ingawa nimechelewa kuiomba. Profesa wangu ametaka nieleze wenzangu mgonjwa mmoja ambaye nilimtibu kwa kuuliza tu, bila kumwona. Nimewaeleza habari za Katibu, nimeficha jina lako. Profesa akaniuliza ni dalili gani ya ng'ombe iliyonionyesha jibu. Nikasema hazikuwa za ng'ombe, zilikuwa za vyura. Akasema "vizuri". Ijumaa Kuu haijafika Jumapili, lakini amesema.

Siri ya vyura nilipewa na mtu wa ndani ya nyumba, na jina lake silitaji, ingawa nadhani ameshakuambia. Mpe shukrani zangu na umnunulie khanga.

Mtihani ni tarehe 19 na 20 Septemba. Siogopi kama mwaka jana. Naogopa, ila naogopa nikiwa nimeambiwa na watu wangu kwamba nikianguka nitaokotwa.

Msimrudishe Katibu kwenye nira mpaka uvimbe upone kabisa na nira ichongwe upya. Mtieni gunia laini. Na akiguna, Mjomba, simama.

Advera


Lusu
8 Desemba 2024

Daktari Bingwa,

Nimeandika neno hilo kwa herufi kubwa, na chini yake nimepiga mstari kwa rula. Salamu kutoka kwa wote. Mama Amon amepata khanga yake, anaivaa hata kisimani. Katarina anatembea. Mvua imeanza na vyura wananikera vizuri.

Siku ile ya Novemba ulipopiga simu nilikuwa kwenye baraza, tunasikiliza kesi ya mpaka. Nikaomba udhuru nikatoka nje. Nikaweka simu sikio la kulia. Ukasema, "Mjomba, nimefaulu," na nilikusikia kila herufi, kutoka ng'ambo hiyo, kama uko jikoni. Kisha nikakusikia unalia, ukadai ni mafua. Usinidanganye tena, siku hizi nasikia. Niliporudi ndani wajumbe waliniuliza kuna nini, nikawaambia mpwa wangu amefaulu. Wale wawili waliokuwa wanagombea mpaka ndio waliokuwa wa kwanza kunipa mkono. Kesi yao tuliahirisha na nasikia wamekwishapatana wenyewe.

Misa itakuwa Julai, tarehe utachagua wewe, na safari hii tutasubiri tukuone kwa macho ndipo kwaya ifungue mdomo. Kitoweo ni mbuzi na kuku na mpunga wetu. Katibu atakuwepo kama mgeni, atafungwa karibu na meza kuu.

Jana tulimrudisha kazini. Fundi alichonga nira upya mbele ya macho yangu, Mama Amon akashona gunia kwa pamba. Amon alishika jembe, mimi nikaongoza, tukaanza mapema kabla ya jua kali. Nilisema nao kwa sauti ndogo, nikajikuta nayakumbuka maneno yote ya zamani. Mistari mitano ilikwenda bila neno. Tulipokaribia ile njia ya wapagazi nilimwona Amon anakaza mikono, na mimi nikapunguza mwendo, sioni aibu kukwambia.

Jembe likagusa pale pagumu. Katibu akaguna. Mguno mfupi, wa chini, kama wa mtu anayepitisha neno kanisani. Nilikuwa sijausikia miaka miwili na nusu, na niliujua palepale.

Nikasimamisha. Mwenyekiti alifurahi, akataka kulala. Nikaenda mbele nikaweka mkono kwenye shingo ya Katibu, upande ule wa kovu, nikamwambia nimesikia. Hakurusha pembe. Tukasimama hapo sote wanne kwenye ardhi ngumu, hatuna haraka, mpaka yeye mwenyewe alipoinua mguu akaanza kwenda.

Mjomba wako,
Adriano Masolwa